UZI: Dawa za kusafisha injini. Jua kwanza ukoko uko wapi, ndipo ununue chupa

Safari_ya_Kimara (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki humu jukwaani linarudi swali lile lile: "Gari langu linatetemeka likiwa sailensi (limewaka, limesimama, hujakanyaga mafuta), niweke dawa gani kwenye tanki?" Majibu yanayofuata ni picha za chupa. Huyu anasifia ya bluu, yule anasema ya bluu ni maji matupu, chukua nyekundu. Aliyeuliza anaondoka na majina matano ya chupa, na hakuna aliyemuuliza injini yake ni ya aina gani.

Nilipita njia hiyo nikapoteza pesa na karibu nusu mwaka. Naandika nilichokiona kwa macho yangu. Mafundi mliopo humu, nikikosea nisahihisheni.

Gari langu ni Noah ya 2004, injini 1AZ-FSE ya lita 2, zile zilizoandikwa D-4. Tatizo lilianza taratibu. Asubuhi linawaka vizuri, lakini mshale wa mzunguko unacheza kati ya 500 na 900, usukani unatetemeka hadi mkononi. Ukikanyaga mafuta linasita kidogo, kisha linaondoka kwa kushtuka. Likishapata moto linatulia, ila kupanda Kimara na abiria saba lilikuwa linaomba huruma.

Muuzaji wa spea akaniambia nozo, yaani vipulizia petroli, zimechafuka, weka dawa. Nikaweka chupa ya kwanza, shilingi 35,000. Nikamaliza tanki zima, hali ni ile ile. Nikaambiwa ile ilikuwa hafifu, nikachukua nyingine ya gharama zaidi. Ya pili nilihisi gari limekuwa jepesi kwa siku mbili, lakini leo naamini ni moyo wangu ulitaka iwe hivyo. Ya tatu sikuhisi kitu.

Ndipo nikapata fundi mmoja mtu mzima, hana maneno mengi. Aliniuliza swali moja tu: "Nozo za hii injini zinapuliza wapi?" Sikujua. Akafungua manifoldi ya hewa, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, akanipa tochi, akaniambia chungulia.

Wakuu, mnaujua ule ukoko unaobaki chini ya sufuria wali ukiungua? Mgumu, mweusi, umeshikana na chuma. Ndicho nilichokiona mgongoni mwa valvu za kuingizia hewa, zote nane. Shina la valvu ambalo linapaswa kuwa jembamba kuliko penseli lilikuwa nene kama kidole gumba. Hewa ilikuwa inapita kwenye upenyo uliobaki pembeni, na kila silinda ilikuwa inapata kiasi chake tofauti na mwenzake. Injini itatulia vipi hapo?

Akanieleza, na maelezo yake ndiyo sababu ya uzi huu. Kwenye injini za kawaida nozo zimekaa kwenye njia ya hewa, zinapuliza petroli mgongoni mwa valvu kabla haijaingia kwenye silinda. Kila mzunguko valvu inaoga petroli. Ukiweka dawa kwenye tanki, dawa inaoshea pale pale. Kwenye D-4, nozo imeingia ndani ya silinda yenyewe. Petroli haigusi mgongo wa valvu hata tone moja. Kinachopita pale ni hewa, mvuke wa oili unaotoka ndani ya injini kupitia valvu ya PCV, na moshi wa ekzosi unaorudishwa na mfumo wa EGR. Vitu hivyo vikikutana na chuma cha moto vinakuwa ukoko, na hakuna kitu cha kuuosha.

Kwa hiyo chupa zangu zote tatu zilipita ndani ya silinda na kutokea kwenye ekzosi. Huenda ziliosha ncha za nozo, sikatai. Ukoko ulionisumbua hazikuwahi kukutana nao. Dawa husafisha pale inapopita, basi.

Alizisafisha kwa mkono. Anazungusha injini mpaka valvu za silinda moja zifunge kabisa, ananyunyizia dawa ya kuoshea kabureta, anaacha ilowe, anasugua kwa brashi na kijiti cha mbao, anafyonza uchafu, anapuliza kwa kompresa, anarudia. Halafu silinda inayofuata. Alianza saa tatu asubuhi, tukafunga saa kumi na moja jioni. Aliweka gasketi mpya za manifoldi na valvu mpya ya PCV. Gari lilipowaka sikuamini ni lile lile. Mshale ulisimama kwenye 650.

Siilaumu injini. Nilikuwa namwaga oili kwenye kilomita 8,000 au 9,000, na gari linakaa kwenye foleni masaa mawili asubuhi, masaa mawili jioni. PCV sikuwa nimewahi hata kusikia jina lake. Sasa namwaga kwenye 5,000.

Karibuni tuongee.

---

Mama_Zuu_IST

Asante sana kaka kwa uzi, umeandika kitu kinachoeleweka. Mimi nina IST ya 2003, injini 1NZ-FE. Nayo sailensi imekuwa ya kupanda na kushuka, hasa nikiwasha AC kwenye taa za barabarani, mara mbili imezima kabisa. Je, hiyo yangu ni ya kufungua kama yako? Naogopa kufunguliwa injini, kuna fundi alishanifungulia kitu akanirudishia na boliti mbili mkononi.

---

Fundi_Tegeta

Dada Mama Zuu, usifungue. 1NZ-FE ni ile aina ya kwanza aliyoieleza mkuu, nozo zipo kwenye njia ya hewa. Kwako dawa ya tanki inaweza kufanya kazi kweli. Lakini usianze nayo.

Sailensi ya kupanda na kushuka ukiwasha AC, mara nyingi ni throtoli. Ile sahani ya duara inayofungua hewa ikishika utando mweusi pembeni, ule upenyo mdogo wa hewa ya sailensi unaziba. Dawa ya tanki haifiki pale, kwa sababu throtoli ipo mbele ya nozo. Inasafishwa kwa kitambaa na dawa ya kupuliza, nusu saa imeisha. Fundi asipulizie hovyo mpaka kwenye sensa ya hewa iliyo kwenye bomba la chujio. Ile ina waya mwembamba sana na dawa yake ni nyingine.

Halafu toa plagi uzitazame. Kama zina zaidi ya kilomita 40,000 na ni zile za kawaida, badilisha. Ukimaliza hayo mawili na bado inasumbua, hapo ndipo uje kwenye chupa.

Jinsi ya kuweka: subiri tanki lifike karibu na robo, mimina dawa kwanza, kisha jaza petroli juu yake ili ichanganyike. Tanki la IST ni la lita 45 hivi, na chupa nyingi za mililita mia tatu na kitu zimepimwa kwa tanki kama hilo au kubwa kidogo, kwa hiyo chupa moja inatosha. Usiweke mbili ukidhani itaenda haraka. Kisha toka nalo, nenda hata Chalinze na kurudi. Dawa inataka injini iwe ya moto na petroli ipite kwa wingi, foleni ya Mwenge haiisaidii. Usijaze tena mpaka lirudi robo. Na upange kumwaga oili baada ya tanki hilo, kwa sababu kiasi fulani cha dawa hupenya kwenye ringi za pistoni kikaingia kwenye oili.

---

Kilimo_na_Gari

Wakuu, naheshimu michango, ila mimi nasema hizi dawa zote ni biashara. Baba yangu ameendesha Hilux miaka ishirini hajawahi kuweka hata tone. Kama petroli ilikuwa inahitaji dawa, wangeiweka huko huko inakotengenezwa.

---

Maabara_Kimya

Mkuu Kilimo, sentensi yako ya mwisho ina jibu ndani yake. Wanaiweka. Marekani, tangu 1995, sheria inataka petroli yote inayouzwa iwe na dawa ya kuzuia ukoko. Mwaka 2004 watengenezaji wanne wa magari, BMW, General Motors, Honda na Toyota, waliona kiwango cha sheria ni kidogo, wakaweka chao cha juu zaidi kinachoitwa Top Tier. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha huko, AAA, kilipima petroli za aina zote mbili. Baada ya mwendo sawa na maili 4,000, yaani kama kilomita 6,400, zile zisizofikia kiwango hicho ziliacha ukoko mara 19 zaidi ya zile zinazokifikia. Kwa hiyo dawa yenyewe si hadithi.

Hadithi iko kwenye chupa. Nimefanya kazi na vimiminika vya aina hii, naomba nieleze kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Dawa inayosifika zaidi kwa kusafisha petroli inaitwa polietha-amini. Kwenye chupa na kwenye karatasi za kitaalamu utaona herufi PEA. Inafanya kazi kama sabuni kwenye sahani yenye mafuta. Molekuli yake ina kichwa chenye nitrojeni kinachopenda kung'ang'ania ukoko, na mkia mrefu unaopenda petroli. Kichwa kinashika chembe, mkia unaivuta, petroli inaondoka nayo. Sifa yake nyingine ni kwamba inastahimili joto la valvu bila kuoza, na ikifika kwenye moto inaungua bila kuacha mabaki ya maana.

Ipo ndugu yake ya bei nafuu, jamii ya poliisobutini yenye amini, PIBA. Hiyo huweka valvu safi vizuri, lakini yenyewe inaweza kuongeza utando juu ya pistoni.

Na zipo chupa ambazo ndani yake ni mafuta mepesi tu, ndugu wa mafuta ya taa, na rangi nzuri. Mafuta hayo si sumu kwa injini kwa kiasi kile kidogo, ila ukoko uliooka miaka kumi hauyasikii. Tofauti yake utaijua hivi: kila kemikali inayouzwa kihalali na kampuni ya maana ina karatasi ya taarifa za usalama, na nyingi zipo mtandaoni. Tafuta jina la dawa na neno "safety data sheet". Kwenye sehemu ya tatu wanaorodhesha viambato, angalau vile vyenye hatari, na asilimia zake. Ukiona petroleum distillates (ndiyo hayo mafuta mepesi) asilimia 90 na zaidi, na hakuna amini yoyote, umejua unanunua nini. Mimi sinunui chupa ambayo sijaona karatasi yake.

---

Mzee_wa_Lindi

Vijana, nawasoma kwa furaha. Naongeza kidogo historia, kwa sababu naona mnadhani ukoko umeanza na magari ya Japani.

Enzi za kabureta tulikuwa tunafungua hedi kila baada ya muda fulani na kukwangua kaboni juu ya pistoni, ilikuwa kazi ya kawaida kama kubadilisha brekshuu. Petroli wakati huo ilikuwa na madini ya risasi, plagi zinatoka na utando wa kijivu. Risasi imeondoka kwenye petroli yetu mwanzoni mwa 2006, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika.

Kisha ikaja balaa ya uchakachuaji. Walio na umri wanakumbuka. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo mno kuliko petroli na dizeli, basi watu wakawa wanayachanganya. Ndipo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, wakaanza kuweka vinasaba (alama ya kemikali ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuchanganya kusilipe tena. Magari yaliyokula mchanganyiko ule yalikuwa yanagonga yakipanda mlima, masizi mpaka kwenye bomba la ekzosi. Nilifungua injini za wakati huo, nilichokikuta juu ya pistoni kilikuwa kama lami.

Nawaambia hili kwa sababu wapo bado wanaoshauriana kumimina lita moja ya mafuta ya taa kwenye tanki "isafishe nozo". Yale yale yaliyotuharibia magari, leo mtu anayaita dawa. Na kuna waliokuwa wanaweka vidonge vya nafthalini, vile vya kuweka kabatini kufukuza nondo. Petroli ikikauka, nafthalini inabaki chembechembe kwenye vitundu vya kabureta. Msifanye hivyo vitu.

---

Probox_Mombasa

Shikamoo Mzee. Ndugu zangu hamjambo huko. Mimi niko Mombasa, nina Probox, injini ndiyo hiyo 1NZ. Yangu si sailensi, ni oili. Nikifungua kifuniko cha oili naona tope jeusi limeganda kwa ndani. Gari nilinunua kwa mtu, sijui alikuwa akiitunza vipi. Mekanika wangu ataka kumwaga oili, atie dizeli lita tatu, aiwashe dakika kumi, amwage, kisha atie oili mpya. Asema ndivyo afanyavyo miaka yote. Mwaonaje?

---

Fundi_Tegeta

Marahaba kwa niaba ya Mzee, ha! Ndugu yangu wa Mombasa, naomba usikubali. Nitakueleza kwa nini, na hii si habari ya kusikia.

Aliletwa kwangu mteja na gari lenye kilomita kama laki mbili na nusu, tope ndani kama lako. Alikuwa ametoka kuweka dawa ya kuoshea injini, zile za kumimina kwenye oili ya zamani na kuacha injini ikiunguruma dakika kumi kabla ya kumwaga. Aliyemuwekea alifuata maelekezo ya chupa neno kwa neno. Alimwaga oili nyeusi tii, akafurahi, akaweka mpya. Siku ya nne taa nyekundu ya oili ikawaka akiwa barabara ya Bagamoyo. Aliendelea kama kilomita mbili kutafuta pa kusimama. Zilitosha. Injini ilianza kugonga.

Nilipofungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, nilikuta nini? Kule chini kuna bomba la pampu ya oili, mdomoni lina wavu. Wavu ulikuwa umejaa vipande vya tope kama magamba. Dawa haikuyeyusha tope lote, ililegeza tu. Oili ya zamani ilipomwagwa, ilitoka na kilichoyeyuka. Vipande vilivyobaki vilibanduka baadaye, siku moja moja, vikaenda kukusanyika kwenye wavu. Pampu ikakosa oili ya kuvuta. Beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zikaondoka.

Na hiyo ilikuwa dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Dizeli tupu ni mbaya zaidi, kwa sababu dizeli haina unene wa kubeba beringi. Dakika kumi chuma kinasagana na chuma, hata bila kukanyaga mafuta.

Sisemi dawa hizo hazifai kabisa. Injini ambayo oili yake imemwagwa kwa wakati, utando mwembamba tu wa kahawia, haina cha kubanduka kwa vipande, haitadhurika. Ila injini ya namna hiyo haina haja nayo sana. Anayeihitaji zaidi ndiye inayemdhuru zaidi.

Kwako ningefanya hivi. Shusha sampo, osha, osha na ule wavu kwa mkono, gharama ni gasketi na nusu siku ya fundi. Weka oili nzuri, yenye alama ya ubora ya API SN au SP, unene ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Imwage kwenye kilomita 2,000 pamoja na chujio. Weka nyingine, imwage kwenye 2,000 tena. Kisha 3,000. Oili yenyewe ina sabuni ndani yake, kalsiamu na magnesi, hiyo ndiyo kazi yake. Italegeza tope taratibu na chujio litadaka. Baada ya miezi kadhaa chungulia tena chini ya kifuniko.

---

Probox_Mombasa

Nimekuelewa ndugu yangu. Hiyo ya kushusha sampo mekanika hakuitaja kabisa. Nitamwonyesha haya maandishi.

---

RunX_Dodoma

Wakuu naomba kuingiza la kwangu. RunX ya 2001, 1ZZ-FE. Inakula oili lita moja kila kilomita 1,200 hivi, moshi wa bluu asubuhi. Nimeambiwa ni ringi, nifanye ovahoo, yaani injini ifunguliwe yote na kujengwa upya. Mwingine kaniambia ringi zimeshikwa na kaboni tu, zinaweza kulegea kwa dawa. Yupi mkweli?

---

Safari_ya_Kimara

Mkuu, wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Hili nimelisoma sana kipindi nahangaika na langu, fundi atanisaidia. Ringi ya chini kabisa kwenye pistoni kazi yake ni kukwangua oili ukutani na kuirudisha sampo kupitia vitundu vya kwenye pistoni. 1ZZ za mwanzo vitundu hivyo vilikuwa vichache na vidogo, baadaye kiwanda kikabadilisha pistoni. Oili ikikaa pale kwenye joto inaungua, vitundu vinaziba, ringi inashikwa kwenye mfereji wake. Hapo haikwangui tena.

Dawa ya tanki haifiki kule kwa kiasi cha kuleta tofauti. Wanachofanya watu ni kutoa plagi, kumimina dawa ya kuyeyusha kaboni ndani ya kila silinda, na kuiacha usiku kucha ishuke polepole kwenye ringi.

---

Fundi_Tegeta

Sawasawa, mkuu. RunX, kwanza pima presha ya silinda. Presha ikiwa nzuri na sawa kote, ringi za juu bado zipo, hiyo ya chini ndiyo iliyoshikwa, kulowesha kunaweza kusaidia. Presha ikiwa imeshuka kwenye silinda moja au mbili, usipoteze dawa, huo ni uchakavu na dawa hairudishi chuma kilicholika.

Ukilowesha, weka pistoni zote katikati ya mwendo wake ili dawa isijae upande mmoja. Asubuhi, na hili naomba usilisahau, zungusha injini kwa stata plagi zikiwa nje, na kitambaa juu ya matundu. Koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) na soketi za nozo ziwe zimechomolewa kusiwe na cheche wala petroli. Kimiminika hakibanwi. Ukirudisha plagi na dawa ikiwa bado imejaa juu ya pistoni ukapiga stata, fimbo ya pistoni inapinda. Nimeona mtu amepindisha mbili kwa namna hiyo, na mwingine kwa kuvutisha maji kwenye bomba la hewa kwa sababu aliona video. Maji kwa matone hugeuka mvuke na kweli hulainisha kaboni. Kikombe kizima kikivutwa mara moja, injini imekwisha.

Kisha mwaga oili hata kama ulibadilisha juzi, imeshachanganyika na dawa. Gari litatoa moshi mzito mwanzoni, lipeleke barabara ya wazi, siyo mbele ya nyumba ya jirani. Nimeona ikipunguza ulaji wa oili kwa nusu, na nimeona isibadilishe chochote. Vile vitundu vikibaki vidogo, hali itarudi usipomwaga oili mapema.

---

Prado_Mbeya

Na sisi wa dizeli je? Injini yangu ni 1KD, nozo zangu zinagonga asubuhi kabla haijapata moto.

---

Fundi_Tegeta

Dawa za dizeli zipo na zinasaidia nozo zilizoanza tu kuchafuka. Ila kwa 1KD nina neno moja kubwa kuliko dawa. Chini ya kila nozo kuna washa ya shaba, kile kipete bapa cha kuziba. Zikilegea, moshi wa silinda unapenya juu, unaingia kwenye oili, unatengeneza kaboni ngumu inayoziba ule ule wavu wa pampu niliousema. Nozo zikigonga, kabla ya chupa yoyote, pima kiasi cha dizeli ambacho kila nozo inarudisha, na uulize washa zilibadilishwa lini. Na ile EGR yenu inajaza masizi yenye oili kwenye manifoldi ya hewa. Kama alivyosema mwenye uzi, ya kwenye tanki haipiti kule.

---

Mama_Zuu_IST

Nimerudi na majibu. Throtoli ilikuwa nyeusi, fundi kanionyesha kitambaa mwenyewe. Plagi zilikuwa zimelika, nimebadilisha nne. Sailensi imetulia kwa kiasi kikubwa hata nikiwasha AC. Juzi nimeweka chupa moja yenye PEA, karatasi yake nimeisoma kama alivyosema Maabara, nikaenda nayo Morogoro kwa mama na kurudi. Ule mtetemo mdogo uliokuwa umebaki sasa siusikii. Jumamosi namwaga oili. Mungu awabariki kwa kweli.

---

Maabara_Kimya

Hongera dada. Usiweke tena kila tanki, mara moja kila kilomita 5,000 hadi 8,000 inatosha, karibu na siku ya kumwaga oili.

Nimekumbuka jambo. Kuna wanaochanganya dawa ya kusafisha na ile ya kuongeza okteni (kipimo cha petroli kustahimili kugonga). Si kitu kimoja. Baadhi ya za okteni zina chuma au manganizi ndani yake, na zinaacha utando mwekundu au wa rangi ya kutu kwenye plagi. Utando ule unapitisha umeme, cheche inapotea njia, gari linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka. Ukitoa plagi ukakuta nyekundu kama udongo wa Dodoma, uliza chupa ya mwisho ilikuwa ipi.

---

Crown_GRS180

Wakuu nimefuatilia uzi mzima kimya. Nina Crown, 4GR-FSE, V6 ya lita 2.5. Inamisi likiwa sailensi, taa ya cheki injini inawaka. Nilikuwa naenda kesho Kariakoo kuchukua chupa tatu. Kwa nilivyosoma, hii ni D-4 kama Noah, kwa hiyo chupa haitafika. Nifungue manifoldi moja kwa moja?

---

Safari_ya_Kimara

Ndiyo mkuu, 4GR inapuliza ndani ya silinda tu, na kwa ukoko wa valvu inajulikana. Ile kubwa yake, 2GR-FSE ya lita 3.5, Toyota waliiwekea nozo za aina zote mbili, za ndani na za kwenye njia ya hewa, na zile za njia ya hewa ndizo zinazoiosha valvu. Lakini usifungue kwa sababu yangu. Taa imewaka, basi gari limeshasema kitu. Lipime kwa mashine kwanza, utuletee namba.

---

Crown_GRS180

Nimepima. P0304.

---

Fundi_Tegeta

Silinda ya nne peke yake. Ukoko kwa kawaida huja kwenye silinda zote, zikitofautiana kidogo. Moja peke yake inanitia shaka. Chukua koili ya silinda ya nne uihamishie ya pili, ya pili iende ya nne. Futa kosa, endesha, pima tena. Usinunue chochote bado.

---

Crown_GRS180

Wakuu, samahani nimechelewa kurudi. Nilihamisha koili kama ulivyosema, nikaendesha mpaka Kibaha na kurudi. Mashine sasa inasoma P0302. Kosa limehama na koili. Nimenunua koili moja iliyotumika iliyopimwa, pamoja na plagi sita, taa imezima na gari limetulia. Fundi alipokuwa ametoa koili alichungulia kwa kamera ndogo kupitia tundu la plagi, anasema juu ya pistoni kuna kaboni ya kawaida tu. Valvu tutazitazama mwezi wa sita nikifanya sevisi kubwa, manifoldi ikiwa imeshafunguliwa kwa kazi nyingine. Nitaweka picha hapa hapa.

---

Safari_ya_Kimara

Tunazisubiri mkuu. Ukifungua, badilisha na PCV, usiirudishe ile ya zamani.